Sura ya Nne: Nusu ya Kushoto

Kituoni walicheka mpaka mbwa wa doria akaamka. Mtu kaibiwa kibodi ya kompyuta, na si kibodi nzima, nusu. Mkuu wa kituo alifuta machozi kwa ncha ya tai, akazungusha macho chumba kizima, yakatua kwa Inspekta Kijiko, kwa kuwa yeye peke yake hakuwa amecheka.

"Kesi yako hiyo," alisema. "Na ukimkamata mwizi, niletee nusu."

Jina la Kijiko lilimkaa kwa haki. Mama huyu hakuwa mtu wa kupiga meza wala kufoka. Alikoroga taratibu mpaka kilichotulia chini kipande juu. Wanasema aliwahi kumkoroga mwizi wa ng'ombe kwa swali moja tu, kuhusu kamba, na yule bwana akaungama hadi ng'ombe ambao walikuwa hawajazaliwa. Ndama wawili walisubiriwa zizini kama vielelezo.

Saa mbili na nusu asubuhi, siku ya Alhamisi, alikuwa ghorofa ya tatu ya Idara ya Kumbukumbu. Ukumbi mrefu, sakafu inanukia nta, feni ya darini imebaki na mapanga mawili na inazunguka kama mlevi anayetafuta kwao. Wapiga chapa waliinamia mafaili ya zamani, wakiyaingiza kwenye kompyuta karatasi kwa karatasi. Meza ya dirishani ilikuwa ya Bi Mvua.

Bi Mvua alikuwa na miaka hamsini na mmoja, na jina alilipata kazini. Enzi zake akianza kuchapa, wageni walikuwa wakifungua miavuli ngazini. Kisha vifundo vya mikono vikaanza kuuma, na kidole kidogo cha kushoto kikakakamaa, hakikunjiki. Mvua ikawa manyunyu.

"Kesho saa nne nina mtihani, Afande," alisema. "Maneno arobaini kwa dakika, kwa dakika kumi. Nisipoyafikisha, naondoka. Miaka ishirini na sita hapa, naondoka na kikombe changu."

"Na kibodi hiyo?"

"Mjomba wangu ndiye aliyeitengeneza. Fundi Redio, duka lake mtaa wa nyuma. Imekatwa katikati, kila mkono na upande wake, vitufe vimepangwa kufuata vidole vyangu mimi. Kwa ile nafikisha hamsini. Kwa hizi za serikali," akaelekeza kidevu meza ya jirani, "nafikisha machozi."

"Ilipotea lini?"

"Jana. Saa sita na nusu tulikwenda kula, mlango ukafungwa. Tumerudi saa saba na nusu, kulia ipo, kushoto hakuna. Tangu hapo sijagusa kitu. Hata skrini sijaizima. Nimeona kwenye televisheni watu hawagusi."

"Umefanya vizuri, dada. Funguo anazo nani?"

"Bwana Kengele, msimamizi wetu, na naibu wake, Kasi."

Inspekta aliinama mezani. Nusu ya kulia ilikuwa peke yake, karibu na ukingo, ndogo kama sahani ya kikombe, na waya wa kompyuta umeingia kichwani mwake. Waya wa pili, mwembamba, wa kuunganisha nusu mbili, ulitoka ubavuni, ukapita nyuma ya mguu wa skrini, ukamalizikia hewani upande wa kushoto. Upande wa ndani wa ile nusu ulikuwa na miguu miwili ya skrubu, ya kuinamisha kibodi mkono ukae kiubavu.

"Hivi ndivyo unavyoiweka?"

Bi Mvua alitazama, akatazama tena. "La. Waya mimi naupitisha mbele, unatosha kabisa. Na miguu hii... mimi huizungusha mara mbili tu, inainuka kidogo. Hii imezungushwa mpaka mwisho. Imesimama kama paa la nyumba!"

"Na maandishi haya?"

Kwenye skrini kulikuwa na mistari minne:

*mkono wangu hauumi*
*mkono wangu hauumi*
*mkono nu huumi*
*mkono nu huumi*

"Si yangu," alisema Bi Mvua. "Mkono wangu unauma, Afande. Kwa ile kibodi unauma kidogo, lakini unauma. Siwezi kuandika uongo kwenye mashine ya serikali."

Inspekta alinakili mistari ile kwenye kijitabu chake, herufi kwa herufi.

Bwana Kengele alitoka kwenye ofisi yake ya kioo kuja kumlaki. Alikuwa mtu wa mabega. Walisema suti zake hushonwa na watu wawili, kila mmoja anaanzia upande wake na wanakutana mgongoni baada ya siku tatu. Inspekta alinyoosha mkono. Bwana Kengele aliweka kiganja chake kifuani, akainamisha kichwa.

"Karibu, Afande. Jambo la aibu hili. Idara yetu haijawahi kupoteza hata pini."

"Jana saa ya chakula ulikuwa wapi?"

"Ofisini kwangu. Nina kazi nyingi." Akanyanyua kikombe cha chai kwa viganja vyote viwili, kama mtu anayeinua kifaranga, akanywa. "Ukitaka kuanza mahali, anza na Kasi. Bi Mvua akianguka kesho, meza ya dirishani ni yake."

* * *

Kasi alikuwa mwembamba hivi kwamba akisimama ubavu, kivuli chake kilimsubiri ageuke. Alikuwa na mdomo wa watu watatu.

"Niibe nusu? Mimi? Kitu nikikitaka nakichukua kizima!"

"Jana mlinzi wa mlangoni alikuona ukitoka saa sita na dakika arobaini, baada ya wenzako, mkoba umevimba."

Kasi alinyamaza. Ilikuwa mara ya kwanza tangu aajiriwe, na wenzake wawili waliacha kuchapa ili washuhudie.

"Fungua mkoba, binti."

Aliufungua polepole. Ndani kulikuwa na kibodi kuukuu ya serikali, nzima, imekosa kitufe kimoja, na namba ya stoo ubavuni.

"Naifanyia mazoezi nyumbani," alisema kwa sauti ya chini. "Mama mzima, mkono mbovu, juzi kanipita kwa maneno matatu. Matatu, Afande! Nitalala vipi? Sitaki meza yake kwa huruma. Nataka nimshinde akiwa mzima."

"Stoo umeiaga?"

"Nitairudisha."

"Rudisha leo. Na kaa hapa kidogo." Inspekta alimvutia kiti cha Bi Mvua. "Mkono wa kulia weka juu ya hiyo nusu. Wa kushoto weka pale waya unapoishia."

Kasi alijaribu. Mikono yake ilipanuka kama ya mtu anayepima upana wa kabati. Kidevu kikakaribia meza.

"Nani anakaa hivi?" alilalamika. "Nitachapa au nitaogelea?"

"Asante. Ondoka."

"Basi? Siendi ndani?"

"Una haraka ya kwenda?"

"Sina," alisema Kasi, akasimama upesi. "Ila mwambie Bwana Kengele anipumzishe. Kazi za naibu nimezikubali, lakini hata kengele ya kuanza na kumaliza kazi ananipigisha mimi. Miezi mitatu sasa! Ameiona nzito ghafla. Hata barua hasaini siku hizi, anagonga muhuri tu, gu, gu, gu, kama anaponda karanga."

Inspekta aliandika neno moja kwenye kijitabu, akakifunga.

* * *

Duka la Fundi Redio lilikuwa na redio nyingi hivi kwamba mwenyewe alidai mjusi wa ukutani anajua taarifa ya habari kwa lugha tisa. Alikuwa mzee mwenye nyusi nene na miwani miwili, mmoja machoni, mwingine kipajini. Katikati ya redio palikuwa na kompyuta, na ukutani karatasi kubwa yenye michoro ya mikono miwili iliyozungushiwa penseli. Kila ncha ya kidole ilikuwa na namba.

"Mikono ya mpwa wangu," alisema. "Hapo ndipo kila kitu kinaanzia. Unaweka mkono kwenye karatasi, mlegevu, kama umelala. Nachora. Kisha naandika namba kwenye faili: kidole cha kati kipande milimita hizi, cha shahada kishuke hizi. Programu inasoma namba, inachora kibao chenyewe. Programu nyingine inapitisha njia za umeme. Nyingine inakaa ndani ya kibodi na kuiambia kila kitufe kazi yake."

"Programu zote hizo ni ghali?"

"Bure! Programu huria, Afande. Waliozitunga siwajui, hawanijui. Mimi shule niliacha darasa la saba. Nilijifunza kwa kuharibu. Na michoro yangu nimeiweka mtandaoni, achukue anayetaka. Mwezi uliopita mtu asiyejulikana ameniandikia kwamba tundu moja la skrubu limekaa vibaya. Na kweli lilikaa vibaya! Maji ya mto nimeyateka bure, nitayafungiaje mlango?"

"Kwa hiyo mwizi wa mchoro hana cha kuiba."

"Angebisha hodi tu, ningemchapia na nakala."

"Na ile nusu ya kushoto, inamfaa nani mwingine?"

"Hakuna duniani. Kidole kidogo cha mpwa wangu hakikunjiki, nimeshusha safu yake mpaka kitufe kinakifuata chenyewe. Tena nusu moja ni mkasi wenye upande mmoja. Utakatia nini?"

Inspekta alifungua kijitabu, akampa mistari minne. Mzee alishusha miwani ya kipajini juu ya miwani ya machoni, akasoma kwa midomo. Mstari wa tatu ukamsimamisha. Akaweka vidole vyake juu ya kibodi ya kompyuta yake, akachapa maneno yale bila kugusa herufi za mkono wa kushoto. *mkono nu huumi.*

"Masikini," alisema. "Haikuibiwa ikiwa hai. Ilifia mikononi mwa mtu."

"Ilikufaje?"

"Kachomoa waya wa katikati umeme ukiwemo! Plagi hii umeiona? Ni kama ya spika za masikioni. Spika unachomoa na kuchomeka utakavyo, kwa hiyo kila mtu anadhani na hii vilevile. Kumbe ncha ikipita mle ndani inaugusisha umeme mahali pasipotakiwa. Cheche huzioni, harufu huisikii, ubongo wa nusu ya pili umekwenda. Mimi mwenyewe nimeua tatu hivyo."

"Hukuweka onyo?"

"Nimeweka! Karatasi nyekundu, herufi kubwa: USICHOMOE KABLA YA KUZIMA."

"Wapi?"

Fundi Redio alikuna nyusi. "Chini yake."

"Chini ya kibodi. Ambapo pameangalia meza."

"Juu ingeharibu sura, Afande." Kisha akakaa kwenye stuli, mikono magotini. "Loo. Mtu hakuona. Mimi ndiye niliyeificha."

"Inafufuka?"

"Dakika ishirini! Mafundi redio hatulehemu kitu tutakachokuja kukitoa. Ule ubongo nimeuchomeka kwenye soketi, na ninao mwingine kwenye kopo. Lakini nusu yenyewe iwepo. Kutengeneza upya ni wiki tatu, kile kibao kinaagizwa mbali. Mtihani ni kesho."

"Chukua kopo lako," alisema Inspekta, "unisubiri kwenye ngazi za Idara."

* * *

Bwana Kengele alimkaribisha tena kwa kiganja kifuani. Inspekta alifunga mlango wa kioo, akashusha pazia, akaweka karatasi mezani.

"Ni maelezo yako ya asubuhi. Soma, usaini."

Bwana Kengele alisoma. Mkono wake ukaenda kwenye muhuri.

"Saini, mkubwa. Si muhuri."

Kalamu ilikuwa baina yao. Bwana Kengele aliitazama kama mtu anayetazama mto uliojaa, na mashua hana. Aliichukua. Kalamu ikatikisika, ikagonga meza, ikaviringika mpaka kwenye viatu vya Inspekta. Hakuna aliyeiokota.

"Aliyekaa kwenye meza ile jana," alisema Inspekta, "alikuwa na ufunguo. Alikuwa na mabega mapana, ndiyo maana alizitenganisha nusu na kuupitisha waya nyuma ya skrini. Na kabla ya hapo alipandisha miguu ya skrubu mpaka vifundo vyake vikaridhika. Mwizi hawezi kukirekebisha kiti kabla ya kukiiba. Huyo alikaa ili aandike. Na alichoandika, alikiandika mara mbili."

Bwana Kengele alivuta droo kwa vidole viwili, kama ndoano. Ndani, juu ya leso nyeupe iliyopigwa pasi, ilikuwa nusu ya kushoto. Karatasi nyekundu ilikuwa imeangalia juu.

"Onyo nililiona nilipoigeuza kuona imekufa na nini," alisema. "Nilikaa dakika kumi, Afande. Nilikuwa nikimwangalia Bi Mvua kila siku nyuma ya kioo hiki, mkono wake unatembea bila shida, nikajiambia nijaribu kidogo tu. Miaka miwili sijaandika mstari mzima bila kuuma meno. Nikaandika. Haukuuma! Nikasema labda nimeota, nikaandika tena. Kisha nikataka kujiachia, nina mabega haya, nikachomoa waya niuzungushe nyuma. Nilipouchomeka..."

"Kwa nini uliichukua?"

"Nimwachie maiti mezani? Nilimpelekea fundi wa simu pale chini, nikidhani ataifufua kabla hawajarudi. Akaniuliza upande upi ni juu."

"Na kwa nini hukusema?"

"Amri ya mtihani nani aliitoa? Mimi. Yeyote ambaye mikono yake haifikishi arobaini, aondoke. Nikisema nilikuwa natafuta nini kwenye ile kibodi, wa kwanza kuondoka ni nani?"

"Kesho saa nne mwenzako anaondoka kwa kosa lako."

"Nilikuwa naandika barua ya kuahirisha." Alisukuma karatasi kwa kiwiko. Ilikuwa na mstari mmoja na nusu wa mwandiko uliotambaa na kuanguka. "Tangu jana saa tisa. Huko ndiko nilikofika."

Inspekta alisoma ule mstari na nusu. Aliukunja, akautia kwenye kijitabu pamoja na mistari minne. Kisha akafungua mlango.

"Bi Mvua! Njoo na mjomba wako."

* * *

Fundi Redio hakusalimia hata mtu. Aliipokea nusu ya kushoto kwa mikono miwili, akaifungua kwa bisibisi ya mfukoni, akaang'oa kibao kidogo kama kisanduku cha kiberiti, akakinusa, akatikisa kichwa.

Bi Mvua alisimama mlangoni. Alikuwa ameambiwa yote kwa maneno machache, na alikuwa akimtazama bosi wake kama anayemwona mara ya kwanza.

"Siku nzima na usiku mzima," alisema. "Nimekaa nikifikiria nitawaambia nini wanangu. Na wewe unayo kwenye leso!"

"Nisamehe, dada."

"Ungesema tu 'Bi Mvua, sogea nijaribu.' Ningekukatalia?"

"Ungeuliza kwa nini."

"Ningeuliza, ndiyo! Halafu ningekwambia na mimi hunianzia hapa, saa tisa, kama siafu." Akagusa kifundo chake. "Yako inaanzia wapi?"

Bwana Kengele alivuta mkono wa koti, akaonyesha. "Hapa. Mpaka kidole gumba."

"Asubuhi?"

"Asubuhi ndiyo sitaki hata kuikumbuka."

"Afande," alisema Bi Mvua bila kumgeukia, "malalamiko yangu nayafuta. Kwa sharti moja. Kesho kengele ya mtihani aipige mwenyewe. Asimtume Kasi."

Mzee alirudisha skrubu ya mwisho. Alizima kompyuta kwanza, akachomeka waya, akawasha, akambonyezea mpwa wake kitufe cha kidole kidogo. Herufi ikatokea. Akabonyeza nyingine. Ikatokea. Ndipo akatoa karatasi nyekundu mpya mfukoni, akaibandika juu kabisa, katikati ya sura.

"Ikae mbaya, iishi," alisema. Akamgeukia Bwana Kengele, akatandaza karatasi nyeupe mezani na kutoa penseli nyuma ya sikio. "Haya, bwana mkubwa. Lete mkono. Mlegevu, kama umelala."

"Nitakulipa nini?"

"Karatasi mbili. Mkono wako hautoshi kwenye moja."

Jioni mkuu wa kituo aliuliza mwizi yuko wapi.

"Uliniagiza nusu," alijibu Inspekta Kijiko. "Nimeipata. Ya kushoto." Akagonga faili mezani, akaenda zake.

* * *

Ijumaa saa nne kasoro dakika moja, ukumbi ulikuwa kimya hata feni ikaona haya. Bi Mvua dirishani, Kasi meza ya pili, wengine nyuma yao. Inspekta alikuwa amesimama karibu na mlango. Hakuna aliyemwuliza anafanya nini.

Bwana Kengele alitoka ofisini. Kengele ya shaba ilikuwa juu ya kabati. Kasi aliinuka kwa mazoea.

"Kaa, binti," alisema Bwana Kengele.

Aliizungushia kengele viganja viwili. Aliibana, akaiinua mpaka kifuani, na watu wote wakaona vidole visivyofunga, wakaona jinsi inavyotetemeka kabla ya kulia. Ililia mara moja, vibaya, kama kopo. Hakuna aliyecheka. Meza ya nyuma mzee mmoja alitoa mikono yake chini ya meza, akaiweka juu, naye akaitazama.

Kisha mvua ikaanza.

Ilianza kwa matone, ikatafuta njia yake, ikatulia. Dakika ya tatu Kasi aligeuza jicho dirishani, akauma mdomo, akakaza mwendo. Kengele ya pili ilipolia, Bwana Kengele alihesabu mwenyewe, akisogeza karatasi kwa kiwiko.

"Kasi, hamsini na tano. Bi Mvua, hamsini na nne."

"Nimemshinda!" Kasi aliruka. Halafu akainamia meza ya dirishani, akateremsha sauti, lakini sauti ya Kasi ikiteremka hufika ghorofa ya pili. "Mama, mjomba wako anapima mikono siku gani? Mimi siumwi. Naulizia tu."

"Jumamosi," alisema Bi Mvua. "Panga foleni nyuma ya Bwana Kengele. Nyuma sana, maana karibu na mabega yale hutaona kitu."

Akavuta faili la kwanza la siku, akaendelea na kazi.

Inspekta Kijiko aliteremka. Ghorofa ya kwanza alikutana na mgeni aliyebeba bahasha. Mgeni alisimama, akasikiliza juu, akaweka bahasha kwapani na kuanza kufungua mwavuli.

"Samahani, Afande. Mvua imeanza?"

"Imeanza," alisema Inspekta. "Na leo haikatiki."